Usia wa Mlangoni: Tunawaambia Nini Watahiniwa Wetu?

Kila inapowadia miezi ya Oktoba na Novemba, Wakenya huanza kuzungumza lugha nyingine. Mimbari za makanisa na misikiti, vituo vya redio, vikao vya akina mama, magari ya abiria na hata vibanda vya mboga hushikwa na msamiati mmoja: mtihani, alama, gredi, kupita, kuanguka. Jirani ambaye mwaka mzima hajamwuliza mtoto habari za masomo humsimamisha njiani na kumwambia, "Sasa ndio wakati. Usituangushe." Mwanafunzi wa isimujamii anayetafuta sajili ya kuchunguza hana haja ya kwenda mbali. Na asimame mlangoni pa nyumba yenye mtahiniwa wa Kidato cha Nne, saa kumi na mbili asubuhi, atege sikio.

Makala haya yanahusu sajili hiyo na mtoto anayesemezwa kwayo. Wengi wetu tunaosoma jarida hili ama ni walimu ama tunasomea ualimu, na karibu sote tuna mdogo wetu, binamu au mtoto wa kumlea ambaye mwaka huu au mwaka ujao atakaa katika chumba cha mtihani. Swali ninalouliza ni hili: katika zile siku saba au kumi za mwisho, mtu mzima amfae mtahiniwa vipi? Jibu linalotolewa na wengi ni kwamba afundishwe zaidi na atiwe hamasa zaidi. Mimi nashikilia kwamba anachohitaji mtoto wakati huo ni kupunguziwa: apunguziwe kazi, apunguziwe kukesha, na zaidi ya yote apunguziwe maneno.

Tuanze na hayo maneno, maadamu ndiyo taaluma yetu. Ukiyachunguza utaona kwamba mengi yamejengwa juu ya sitiari tatu. Ya kwanza ni ya vita. Mtahiniwa huambiwa akapambane, avamie karatasi, auangushe mtihani, awe jemadari. Sitiari hii naiona haina madhara makubwa, kwa kuwa vijana wenyewe huipenda, huiimba na kuicheka. Tena vita vina faida moja, kwamba mpiganaji ana wenzake. Tuiache.

Ya pili ni ya jando. Katika jamii zetu nyingi, kijana aliyekuwa akielekea kwenye kisu aliimbiwa nyimbo za kumwonya asitikisike. Miongoni mwa Wabukusu, ambao hadi leo hutahiri wavulana mwezi wa Agosti katika kila mwaka wa pili, kusimama imara bila kupepesa macho ni jambo la heshima ya ukoo mzima. Lugha hiyo ya jando imehamia kwenye mtihani bila kubadilishwa: kaza roho, usiwe mwoga, usituaibishe mbele ya majirani. Lakini waliohamisha nyimbo wamesahau kuhamisha mambo mawili. Kwanza, mwari hakuachwa peke yake. Alikuwa na mtu mzima wa kumwelekeza, kumlisha, kumtunza na kukaa naye mpaka apone, na unyagoni msichana alikuwa na kungwi wake. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, jando liliundwa ili wote wavuke. Jamii haikutamani robo tatu ya vijana wake wabaki utotoni. Mtihani wa kitaifa umeundwa kwa kusudi tofauti kabisa, kusudi la kuchuja.

Tazama takwimu. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024, watahiniwa 246,391 walipata gredi ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo gredi ya chini ya kuingilia kozi za shahada chuo kikuu. Waliofanya mtihani walikuwa zaidi ya 960,000. Yaani katika kila watoto wanne, mmoja tu ndiye aliyevuka mstari huo, na mwaka huo haukuhesabiwa kuwa mbaya hata kidogo. Mwaka 2016, baada ya udanganyifu kudhibitiwa, watahiniwa waliopata A kamili nchini kote walikuwa 141. Sasa, ikiwa nyumbani, kanisani na njiani tumemwambia kila mtoto kwamba kukosa kuvuka mstari ni aibu sawa na kukimbia kisu, basi kila mwaka tunaandaa robo tatu ya watoto wetu waaibike, na tunawaandaa kwa bidii, kwa nyimbo na kwa maombi.

Sitiari ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni ya deni. Mzazi huanza polepole: "Unajua tuliuza yule ng'ombe." Kisha huendelea: shangazi yako alikopa katika chama, kakako aliacha masomo ili wewe uendelee, mimi koti langu ni hili hili tangu ulipoingia Kidato cha Kwanza. Aghalabu maneno haya ni ya kweli tupu, na ndiyo maana hayajibiki. Ukiyatazama kwa nadharia ya matendo ya usemi, ile ambayo mihadhara ya J. L. Austin iliyochapishwa mwaka 1962 iliifanya maarufu, utaona kuna mwachano kati ya kile anachokusudia msemaji na kile kinachompata msikilizaji. Mama anadhani anatia moyo. Mtoto anapokea ankara, tena ankara ambayo tarehe ya kulipa ni Jumatatu ijayo na sarafu ya kulipia ni Hisabati.

Sisemi kwamba watoto wafichwe hali ya nyumbani. Mtoto wa maskini anaijua hali ya kwao kuliko sisi tunaoiandikia makala. Ndiye anayetumwa nyumbani kwa sababu ya karo, ndiye anayeagizwa dukani kukopa unga na kuambiwa deni la juzi halijalipwa. Kwa sababu anaijua, hakuna haja ya kukumbushwa wiki ya mtihani. Mazungumzo ya ng'ombe na koti yana wakati wake, labda likizo ya Aprili, labda baada ya matokeo, mzazi na mtoto wakiwa wanapanga njia ya mbele kwa utulivu. Katika usiku wa kuamkia karatasi ya kwanza, maneno hayo hayaongezi hata alama nusu. Huchukua tu nafasi kichwani ambayo ilipaswa kukaliwa na kanuni za kemia.

Wapo watakaopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Watasema kwamba mtoto asiyebanwa hulegea, kwamba kizazi hiki kinapenda simu kuliko vitabu, na kwamba wao wenyewe walibanwa na wakafika walipofika. Naam, kubanwa kuna msimu wake. Msimu huo ni Februari, ni Mei, ni zile jioni ndefu za muhula wa pili ambapo mwanafunzi bado anaweza kujifunza mada nzima upya. Kufikia mwisho wa Oktoba mbegu zimekwisha kupandwa, na zilizoota zimeota. Waliosema kwamba ng'ombe hanenepi siku ya mnada waliyajua ya mnada na ya ng'ombe. Na anayejaribu kumnenepesha siku hiyo kwa kumshindilia maji na majani humdhuru tu.

Hilo si suala la methali pekee. Mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kukumbuka na kusahau. Miongoni mwa aliyoyaona ni kwamba jambo linalorudiwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa hukaa akilini kuliko linalorundikwa kwa siku moja. Wanasaikolojia waliomfuata wamelithibitisha hilo mara nyingi, wakaongeza jambo la pili: kwamba anayejiuliza swali na kujaribu kulijibu bila kutazama daftari hukumbuka zaidi ya anayesoma ukurasa uleule mara tano huku akiupigia mistari. Kuhusu usingizi, wataalamu wanashauri kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa nane hadi kumi kwa siku, na wanaeleza kwamba usingizi ni sehemu ya kujifunza yenyewe, kwa maana ndio wakati ambapo ubongo huyaimarisha yaliyosomwa mchana.

Linganisha hayo na tunavyoishi. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Lakini ni nani asiyezijua shule ambazo kengele ya prepu hulia saa kumi alfajiri na taa za madarasa huzimwa saa nne au saa tano za usiku? Watahiniwa huonekana wakitembea na mabeseni ya maji baridi ya kutumbukizia miguu ili wasisinzie. Sisi watu wazima tukiona miguu ile ndani ya beseni husema, "Huyu kweli ana bidii." Laiti tungesema, "Huyu anahitaji kitanda." Katika shule za mabweni mzazi hana uwezo juu ya kengele. Wanafunzi wa shule za kutwa, hata hivyo, ni wengi mno nchini, nao hulala kwao. Huko amri ya kuzima taa saa tatu na nusu imo mikononi mwa mama na baba.

Na hapo nyumbani yapo mambo mengine ambayo hayahitaji hela. Nani atachota maji wiki hiyo? Nani atamshika mtoto mchanga, atakamua, ataosha vyombo baada ya chakula cha usiku? Katika nyumba nyingi jibu ni msichana, awe mtahiniwa au la, huku kaka yake akiitwa "mwanafunzi" na kuachiwa meza. Familia inayotaka kumsaidia binti yake haina haja ya kumnunulia kitabu kingine cha marudio. Na imwondolee ndoo kwa wiki tatu, ndoo hiyo ishikwe na kaka, na baba pia. Televisheni ya sebuleni inaweza kupunguzwa sauti. Wageni wanaoweza kungoja, wangojee Desemba.

Mambo madogo ya safari nayo yana uzito. Karatasi za asubuhi huanza saa mbili, na huu ni msimu wa vuli. Barabara ya udongo iliyopitika Jumapili yaweza kuwa tope tupu Jumatatu. Mnamo Novemba 2023, mafuriko yalikata barabara kaskazini mashariki na katika Kaunti ya Tana River mtihani wa KCSE ukiwa unaendelea. Hayo ni makubwa na ni ya serikali, lakini ya bodaboda ni yetu: dereva aambiwe mapema, alipwe mapema ikiwezekana, na pawepo njia ya pili. Kalamu ziwe mbili au tatu. Ratiba ibandikwe ukutani, mahali ambapo kila mtu wa nyumba ataiona, ili asitokee mtu wa kumtuma mtahiniwa sokoni mchana ambao ana karatasi ya pili. Chakula kiwe kile alichokizoea. Sijui ni nani aliyeanzisha desturi ya kumlisha mtoto vyakula vigeni siku ya mtihani kwa sababu eti vina nguvu. Tumbo lake litakataa, nalo litachagua kufanya hivyo katikati ya Karatasi ya Kwanza.

Sasa nije kwa jambo ambalo kwetu wapenzi wa Kiswahili lina utamu wa pekee. Wazazi wengi huamini kwamba hawawezi kumsaidia mtoto wa sekondari kwa kuwa wao wenyewe hawakufika huko. Kwa Fizikia, sawa. Lakini Kiswahili? Mama aliyeishia darasa la sita anaweza kukaa karibu na jiko na kusema, "Hebu nisimulie hiyo riwaya yenu. Nani ni nani?" Mtoto akianza kumsimulia Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, au akimweleza nani anazozana na nani katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, anafanya lile lile walilolipendekeza wanasaikolojia: anayatoa kichwani yaliyomo bila kufungua kitabu. Mama akiuliza, "Kwa nini yule mtu alifanya hivyo?" amekwisha kutunga swali la uhusika. Akisema, "Hapo sijaelewa," mtoto atalazimika kupanga hoja upya, na hivyo ndivyo hoja hupangwa katika karatasi ya 102/3. Nyanya wa kijijini, mwenye vitendawili na methali zake, ni hazina ya fasihi simulizi ambayo hakuna kituo cha tuisheni kinachoweza kuiuza. Zaidi ya hayo, katika mazungumzo ya aina hii mzazi ndiye anayefunzwa. Kwa nusu saa deni limegeuka, mtoto ndiye anayetoa.

Nasisitiza somo letu pia kwa sababu hudharauliwa sana siku za mwisho. "Kiswahili ni chako, soma Hisabati" ni kauli inayosikika hata katika nyumba za walimu wa Kiswahili. Hali Kiswahili kina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200, na tangu mwaka 2023 gredi ya jumla ya KCSE hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara ya Kenya, pamoja na masomo mengine matano aliyofanya vyema zaidi mwanafunzi. Kwa mtoto ambaye Kiingereza kimemlemea, Kiswahili chaweza kuwa ndicho kinachomwinua. Hakistahili kuachiwa usiku mmoja.

Wala hakistahili kile kinachofanywa usiku huo mmoja, yaani kukariri vipande vya insha. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha nilisahihisha rundo la insha ambamo, kati ya wanafunzi zaidi ya arubaini, wengi walianza kwa jogoo kuwika na jua kuchomoza, hata yule aliyetakiwa kuandika kumbukumbu za mkutano. Jogoo yule hakuwa wao. Aliuzwa kwao na mtu, katika kijitabu cha misemo, wiki chache kabla ya mtihani. Insha ya lazima aghalabu hudai muundo fulani, uwe wa barua, ripoti, tahariri au hotuba, na mtoto aliyebeba mapambo ya kukariri hutafuta pa kuyabandika badala ya kusoma swali. Mwalimu anayetaka kumsaidia siku hizo na ampe maswali matano ya zamani, amwombe tu apange hoja za kila insha kwa dakika kumi, bila kuiandika. Kisha amwache akacheze mpira.

Upo msaada mwingine ambao wazazi wengine huutoa kwa siri, nao ni kununua mtihani. Siku hizi biashara hiyo imehamia kwenye mitandao, hasa Telegram, ambako matapeli hudai wana karatasi na kutoza maelfu ya shilingi. Karatasi zenyewe mara nyingi huwa za uongo. Hata zingekuwa za kweli, sote tunakumbuka kwamba watahiniwa 5,101 walifutiwa matokeo ya KCSE ya mwaka 2015 kwa sababu ya udanganyifu. Hayo yanajulikana, na polisi wanayashughulikia. Linalonishughulisha mimi ni ujumbe uliomo. Baba anapomkabidhi mwanawe simu yenye majibu, huwa amemwambia bila kufungua kinywa: sikuamini kwamba unaweza. Mtoto wa miaka kumi na saba huenda akazisahau nyimbo zote za hamasa alizoimbiwa, lakini hilo hatalisahau.

Vipi kuhusu walio mabwenini? Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku sherehe za maombi na ziara za wazazi katika muhula wa tatu, kwa kuwa ilidaiwa kwamba baadhi ya wageni walikuwa wakiingiza karatasi zilizoibwa. Wazazi wengi walilalamika. Mimi naona kwamba, mbali na suala la wizi, watoto walipata nafuu fulani. Siku ya maombi ilikuwa imegeuka baraza la hotuba, kila mgeni mashuhuri akisimama kuwaongezea watoto mzigo wa matarajio ya kaunti nzima huku jua likiwachoma. Kilichobaki kwa mzazi wa mbali ni simu ya mwalimu wa zamu, dakika tatu au nne, na wengi huzimaliza dakika hizo kwa kuuliza, "Umejitayarisha?" Mtoto atajibu nini isipokuwa ndiyo? Mwambie mbuzi amezaa pacha. Mwambie mdogo wake ameng'oka jino, na kwamba paa la jikoni limetengenezwa. Mtoto anayesikia kwamba nyumbani maisha yanaendelea kama kawaida hujua kwamba hata baada ya mtihani kutakuwa na nyumbani pa kurudi.

Na akisema anaogopa? Hapa ndipo lugha ya jando hutuponza. Jibu letu la haraka ni, "Acha woga." Lakini woga uliokatazwa hauondoki, hujificha, na usiku hutoka. Kuna majibu mengine katika Kiswahili, mazuri na mafupi: "Hata mimi ningeogopa." "Unaogopa karatasi gani zaidi?" Swali hili la pili huukata woga vipande, mara nyingi mtoto hugundua kwamba haogopi mtihani wote, anaogopa Hisabati Karatasi ya Pili, na hata humo anaogopa mada mbili.

Fasihi yetu haikosi mfano wa namna mtu mzima anavyoweza kumsemeza mtoto aliye mbele ya jambo kubwa. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi wake yapata mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Yapo mengi katika maudhui yake ambayo wahakiki wa leo, hasa wa mkabala wa kifeministi, wana haki ya kuyapinga. Ila zingatia namna usia ule unavyotolewa: mama anamwita mtoto akae karibu naye, alete wino na karatasi, kisha anazungumza bila haraka. Usia huo ni wa kuketi. Wetu ni wa mlangoni, unatupwa mtoto akiwa tayari amebeba mkoba na bodaboda inapiga honi. Kama lazima usia utolewe, basi utolewe siku kumi kabla, mkiwa mmeketi, mara moja tu. Asubuhi ya mtihani "Nenda salama, chakula cha mchana ni maharagwe" inatosha kabisa.

Jioni ya siku ya karatasi ina adabu yake pia. Mtihani wa KCSE huchukua majuma kadhaa, na mtoto anayerudi Jumanne ana karatasi Jumatano. Swali la "Ilikuwaje? Swali la tatu ulijibu nini?" humrudisha katika karatasi ambayo haiwezi kubadilishwa tena. Walimu wenzangu wana kosa hilo kuliko wazazi. Wapo wanaokutana na watahiniwa nje ya chumba cha mtihani na kuanza kusahihisha papo hapo, wakitikisa vichwa. Mtoto akitaka kueleza, asikilizwe. Asipotaka, apewe chai.

Niliyoyasema yote nimeyasema hasa juu ya KCSE, na huenda mtu akadhani kwamba mfumo wa 8-4-4 utakapomalizika shida itamalizika nao. Sidhani. KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtihani wa Gredi ya Sita, KPSEA, ulianza mwaka 2022, na ule wa Gredi ya Tisa, KJSEA, ukafanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Tuliambiwa kwamba hii ni tathmini tu. Lakini sajili ya mlangoni haikusoma sera. Imehama na virago vyake vyote, vita, jando na deni, na sasa inasemezwa watoto wa miaka kumi na miwili. Wazazi wachache hujua, na walimu wachache huwaambia, kwamba katika kumpangia mtoto shule ya sekondari ya juu, KJSEA wenyewe huchangia asilimia 60. Asilimia 20 hutoka kwa KPSEA na 20 nyingine kwa tathmini za shuleni. Mtoto wa Gredi ya Tisa anayeingia chumba cha mtihani tayari amebeba sehemu kubwa ya alama zake mfukoni. Habari hiyo moja, ikisemwa kwa lugha nyepesi, humtuliza kuliko mahubiri mawili.

Vyama vyetu vya Kiswahili hualikwa mashuleni kila mwaka kuwahamasisha watahiniwa. Twende, lakini ziara zifanywe muhula wa kwanza na wa pili, na tukifika tupunguze hotuba tuongeze maswali. Kwa wahadhiri wetu nina ombi. Tuna tasnifu nyingi kuhusu sajili ya matangazo, ya mahakama, ya mpira na ya siasa. Lugha inayosemezwa mtahiniwa katika majuma haya, ambayo takriban kila Mkenya ameitumia au imetumiwa kwake, haijapewa nafasi inayoistahili. Data yake iko kila mahali: nyimbo za siku za maombi, jumbe za simu, hotuba za wakuu wa shule, na zile kadi za heri zilizokuwa zikining'inizwa kwa kamba kwenye vibanda vya mjini kila Oktoba, zenye mishumaa, maua na beti za kutisha. Atakayeanza utafiti huo na aanze na kadi, kwa kuwa nyingi zingali zimehifadhiwa katika masanduku ya akina mama, na akina mama hao bado wanakumbuka nani alimwandikia nani nini.